«Nilipiga radio lakini sikupona»: mashini zinazoangalia ndani ya mwili, na miale inayotibu kanseri

Mama anafika ku kituo cha afya. Kifua kinamuuma tangu wiki tatu. Muuguzi anamsikiliza, anaandika karatasi, anamwambia: «Uende ku hospitali kubwa, upige radio.» Mama anatafuta feza, anapanda moto, analipa, anasimama mbele ya mashini dakika moja tu, anarudi nyumbani. Kisha wiki mbili jirani anamuuliza kama amepona. Jibu lake linafanana na lile linalosikilika mara nyingi Beni, Uvira ao Bunia: «Nilipiga radio, lakini bado inauma. Ile mashini yao haina nguvu.»

Mashini haikukosa nguvu. Kazi yake haikuwa kutibu. Ilikuwa kuonyesha munganga kile kilicho ndani, ili aandike dawa inayofaa. Kama mgonjwa hakurudisha filme kwa munganga, ni kama mtu aliyeandikiwa barua na hakuifungua.

Kwa upande mwingine, kuna familia zinazoambiwa kwamba mgonjwa wao wa kanseri anahitaji radioterapi. Wanasikia neno «radio», wanafikiri ni ile ile filme ya kifua, na wanasema: «Alishapiga radio mbili, ya tatu ni ya nini?» Wengine wanasikia kwamba mgonjwa «atachomwa na moto», wanamrudisha nyumbani ao wanampeleka kwa mtu wa miti. Hapo wakati unapotea. Na kwa kanseri, wakati unaopotea haurudi.

Makala hii inaeleza zile mashini moja moja: namna zinavyofanya kazi, kile zinachoona na kile hazioni, namna miale inavyoweza kutibu, na maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza mbele ya kutoa feza yake.

Radio: kivuli cha mifupa

Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 1895, huko Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa fizikia Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa anajaribu umeme ndani ya chupa ya kioo. Aliona kitu cha ajabu: kartoni iliyopakwa dawa, iliyokuwa mbali kidogo, ilianza kung'aa, hata kama ile chupa ilifunikwa na karatasi nyeusi. Kulikuwa miale isiyoonekana na macho ambayo ilikuwa inapita katika karatasi. Kwa kuwa hakujua ni nini, akaiita miale X. Kisha wiki chache alipiga picha ya mkono wa bibi yake: mifupa ilionekana wazi, na pete kwenye kidole. Mwaka 1901 alipewa zawadi ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa. Alikataa kufanya ugunduzi wake kuwa mali ya biashara, na ndiyo sababu moja ilienea haraka ulimwenguni.

Namna radio inavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Mtu akisimama mbele ya taa usiku, kivuli chake kinaanguka ku ukuta. Miale X nayo inatoa kivuli, lakini inapita ndani ya mwili. Mapafu yamejaa hewa, miale inapita bila shida, basi yanaonekana meusi ku filme. Mfupa ni mgumu, unazuia miale, unaonekana mweupe. Maji yakijaa kwenye mapafu, ao kidonda cha kifua kikuu kikianza, sehemu iliyopaswa kuwa nyeusi inakuwa na doa jeupe. Munganga anasoma hiyo tofauti ya weusi na weupe.

Kwa hiyo radio ni nzuri kwa mfupa uliovunjika, kwa mapafu, kwa risasi ao kipande cha chuma kilichobakia mwilini. Lakini ni dhaifu kwa vitu laini: ubongo, maini, kizazi. Mtu mwenye maumivu ya tumbo anaweza kupiga radio na ikatoka «nzuri», hata kama ugonjwa upo. Hiyo haimaanishi kwamba mashini imedanganya. Inamaanisha kwamba haikuwa mashini inayofaa kwa ile sehemu.

Zamani filme ilikuwa inaoshwa ndani ya chumba cha giza na dawa za maji. Leo mashini nyingi mpya ni za numeriki: picha inatokea ku kompyuta kisha sekunde chache, na inaweza kutumwa kwa munganga aliye mji mwingine. Kuna hata mashini za kubeba, zenye kilo chache tu, zinazotumia batri. Zinaweza kufika mahali ambapo umeme haufiki, ndani ya kambi ya wakimbizi wa vita ao kijiji cha wachimbaji.

Hapo ndipo akili ya kompyuta imeingia. Kongo ni kati ya nchi 30 ambazo zina mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na waganga waliosomea kusoma filme ni wachache. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali kwamba programu ya kompyuta inaweza kusoma filme ya kifua kwa watu wa miaka 15 na zaidi, ili kutafuta kifua kikuu. Programu inatoa namba: kama namba iko juu, mtu anapimwa makohozi. Makohozi ndiyo yanahakikisha, programu inachagua tu nani apimwe haraka. Na dawa za kifua kikuu ni za bure katika programu ya taifa; mtu asidanganywe kuzinunua.

Ekografi: sauti isiyosikika

Mashini inayojulikana zaidi na wamama ni ekografi. Hii haitumie miale hata kidogo. Inatumia sauti, lakini sauti ya juu sana ambayo sikio la mtu haliwezi kusikia. Kile kichuma ambacho munganga anapitisha juu ya tumbo kinatuma sauti, sauti inagonga mtoto ao figo, inarudi, na kompyuta inahesabu ni wakati gani imerudi. Ni kama mtu anayepiga kelele ku bonde na mlima unamrudishia sauti yake: akihesabu vizuri, anaweza kujua mlima uko umbali gani.

Munganga Ian Donald wa Glasgow, Uingereza, ndiye aliyefungua njia ya ekografi kwa magonjwa ya wamama, na mwaka 1958 yeye na wenzake walitangaza picha za kwanza za tumbo na mimba. Leo OMS inashauri kwamba kila mama mwenye mimba apige ekografi angalau mara moja mbele ya wiki ya 24. Wengi wanafikiri ni kwa kujua kama ni kijana ao binti. Hiyo ni ya mwisho. Ya kwanza ni kujua umri wa mimba, kama ni mapacha, na kama mimba haikukaa nje ya kizazi. Kisha, karibu na kuzaa, ekografi inaonyesha kama kondo la nyuma limefunga njia. Mama anayejua mbele kwamba kondo limefunga njia anaweza kupelekwa ku hospitali mapema. Yule asiyejua anaanza kutoka damu usiku, barabara ikiwa mbaya.

Ekografi inasaidia pia kwa maini, figo, moyo, na kivimbe cha titi. Udhaifu wake ni kwamba haioni vizuri ndani ya hewa na nyuma ya mfupa. Tena inategemea sana mkono na jicho la yule anayeifanya. Mashini nzuri mikononi mwa mtu asiyesoma kazi hiyo inaweza kutoa jibu baya.

Skaneri: mkate uliokatwa vipande

Radio inabonyeza mwili wote kuwa kivuli kimoja: mbavu, moyo na mgongo vinalaliana. Mwingereza Godfrey Hounsfield alitafuta namna ya kutenganisha. Wazo lake lilikuwa kuzungusha miale X kuzunguka kichwa cha mgonjwa, kuchukua vivuli vingi kutoka kila upande, na kuachia kompyuta ipige hesabu. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1971, ku hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza aliingia ndani ya skaneri. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Nobel pamoja na Allan Cormack, aliyezaliwa Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa amefanya hesabu hizo mbele yake.

Skaneri inakata mwili kama mkate, lakini bila kisu. Munganga anaangalia kipande kimoja kimoja. Zamani kipande kimoja kilichukua dakika kadhaa. Leo kifua kizima kinachukuliwa kwa sekunde chache tu. Kwa mtu aliyeanguka na moto na kupoteza fahamu, skaneri inaonyesha kama damu imejaa ndani ya kichwa. Kwa mtu aliyepooza upande mmoja, inatofautisha mshipa uliopasuka na mshipa ulioziba. Tofauti hiyo ni ya maisha ao kifo, kwa sababu dawa ya mmoja inaweza kuua mwingine.

IRM: sumaku, na swali la risasi

IRM nayo inafanana na skaneri kwa macho: ni tundu ambalo mgonjwa anaingizwa akiwa amelala. Lakini ndani hakuna miale X. Kuna sumaku kubwa, yenye nguvu kama mara elfu 30 ya sumaku ya dunia ile inayozungusha busola. Mwili wa mtu una maji mengi, na sumaku inafanya chembe za yale maji zijipange. Mashini inazisukuma na mawimbi ya radio, hapa ni kweli mawimbi kama yale ya kutangazia habari, kisha inasikiliza namna zinavyorudi mahali pake. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

IRM inaona vizuri sana ubongo, uti wa mgongo, viungo na kizazi. Inachukua dakika 20 hadi 60, inapiga kelele kubwa, na ni ghali.

Kwa wakaaji wa mashariki kuna jambo moja la kukumbuka. Mtu ambaye aliwahi kupigwa risasi ao bomu, na kipande kikabakia mwilini, anapaswa kusema mbele ya kuingia. Sumaku inaweza kusogeza ao kupasha moto kipande cha chuma, na kama kiko karibu na jicho, ubongo ao mshipa mkubwa, ni hatari. Wengine wanaficha juu ya haya, ao kwa kuogopa kuulizwa walipigwa wapi na nani. Munganga hataki kujua nani alipiga. Anataka kujua chuma kiko wapi, na mara nyingi ataomba radio kwanza. Vilevile mtu mwenye mashini ya moyo aseme, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Je, miale inaharibu mwili?

Hofu hii ni ya haki, na jibu linategemea kiasi. Kila mtu duniani anapokea miale kidogo kila siku kutoka ku udongo, mawe, hewa na anga. Kwa wastani ni kama milisiverte 2,4 kwa mwaka. Radio moja ya kifua ni 0,1 ao chini ya hapo, yaani haipite ile ambayo mtu anapokea katika wiki mbili akiwa nyumbani kwake. Skaneri ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10, ni kama miaka mitatu ao minne ya miale ya kawaida. Kwa hiyo radio moja si ya kuogopa. Skaneri inafanyika pale inapohitajika, si kwa kujaribu tu. Ekografi na IRM hazina miale hiyo.

Mwanamke mwenye mimba, ao anayefikiri anaweza kuwa nayo, aseme mbele ya radio ao skaneri. Watoto pia wanahitaji uangalifu kuliko watu wakubwa. Na anayefanya kazi ndani ya chumba cha radio kila siku anapaswa kukaa nyuma ya ukuta wa risasi na kuvaa kifaa kinachopima miale. Waliotangulia walijifunza hilo kwa uchungu: Marie Curie, aliyegundua radiumu pamoja na bwana wake Pierre mwaka 1898, alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu ambao waganga wanaufunga na miale aliyofanya nayo kazi miaka mingi.

Picha peke yake haisemi «kanseri»

Mtu akitoka ku skaneri na karatasi yenye neno «kivimbe», nyumba nzima inaanza kulia. Ngojeni kwanza. Picha inaonyesha kwamba kuna kitu, ukubwa wake na mahali kilipo. Kwa kujua kama ni kanseri, munganga anachukua kipande kidogo cha nyama, kinaangaliwa ku mikroskopi. Hiyo inaitwa biopsi. Kuna imani kwamba ukigusa kanseri na shindano «inakasirika» na kuenea. Wengi wamekataa biopsi juu ya hiyo, na wamekufa bila kutibiwa. Bila biopsi, karibu kila hospitali ya kanseri itakataa kuanza dawa, kwa sababu kanseri za aina mbalimbali zinatibiwa namna mbalimbali.

Radioterapi: miale inayotibu

Sasa tufike ku ile nyingine. Radioterapi inatumia miale ya jamaa moja na ile ya radio, lakini yenye nguvu nyingi zaidi, na inalengwa mahali pamoja. Inakata nyuzi za uzazi zilizo ndani ya kila chembe ya mwili. Chembe ambayo nyuzi zake zimekatika inashindwa kuzaana, inakufa. Chembe nzuri zilizo karibu zinaumia pia, lakini zinajua kujitengeneza vizuri kuliko chembe za kanseri.

Ndiyo sababu miale haitolewi siku moja yote. Inagawanywa: kidogo leo, kidogo kesho, mara nyingi siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Usiku mmoja unatosha chembe nzuri kujitengeneza, lakini chembe za kanseri zinabakia nyuma, na kesho yake zinapigwa tena.

Kwa mgonjwa, siku ya matibabu inapita hivi. Mwanzoni anapigwa skaneri kwa kuchora ramani ya ugonjwa. Alama ndogo zinawekwa ku ngozi yake ili kila siku alale namna ile ile. Kisha analala juu ya meza, mashini inamzunguka bila kumgusa, wafanyakazi wanatoka na kumwangalia kwa kamera. Mara nyingi yote inaisha kwa dakika 10 ao 15. Haiumi. Hakuna moto, hakuna kuchomwa na chuma. Akitoka, hana miale mwilini kutoka ile mashini ya nje: anaweza kubeba mtoto wake, kula naye, kulala na bwana wake ao bibi yake bila kumwambukiza kitu.

Lakini si kusema kwamba hakuna uchungu wowote unaofuata. Mgonjwa anachoka. Ngozi mahali pa matibabu inaweza kuwa nyeusi na kubambuka kama iliyopigwa na jua. Aliyetibiwa mdomoni anapata vidonda, aliyetibiwa tumboni anaweza kuharisha. Nywele zinatoka tu pale ambapo miale ilipita. Mwanamke aliyetibiwa sehemu ya kizazi kwa kawaida hataona tena damu ya mwezi na hatazaa. Ni neno zito, na anapaswa kuambiwa mapema, pamoja na bwana wake kama anataka, si kugundua kisha.

Maendeleo ya miaka ya karibuni yamekuwa ya kulenga. Mashini za kisasa zina vipande vyembamba vya chuma kizito vinavyojisogeza vyenyewe na kufanya mwanga wa miale ufuate umbo la kivimbe, ili kibofu, uti wa mgongo ao mate visiharibiwe. Kwa kuwa inalenga vizuri, siku zimepungua kwa kanseri fulani. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa kanseri ya titi iliyokamatwa mapema na kupasuliwa, mara 5 kwa wiki moja zinaweza kufanya kazi kama mara 15 kwa wiki tatu. Na kwa mtu ambaye kanseri imefika ku mifupa na haiwezi kupona, mara moja tu ya miale inaweza kupunguza maumivu. Kwa mgonjwa anayelala mbali na nyumbani, kila siku iliyopungua ni feza ya chakula.

Kwa kanseri ya mlango wa kizazi kuna sehemu mbili. Kwanza miale ya nje, kama mara 25 kwa wiki tano, mara nyingi pamoja na kemoterapi mara moja kwa wiki. Kisha kifaa chenye miale kinaingizwa ndani karibu na ugonjwa kwa dakika chache, kinatolewa. Yote inapaswa kuisha mbele ya wiki nane. Hapa ndipo familia nyingi zinaanguka: wanauza shamba, wanapata feza ya wiki tatu, feza inaisha, mgonjwa anarudi nyumbani «kupumzika». Matibabu yaliyokatwa katikati yanapoteza nguvu sana. Ni vizuri zaidi kuchelewa siku chache ili kukusanya feza ya kumaliza, kuliko kuanza na kuacha.

Udongo wa Kongo ndani ya hospitali za wengine

Kongo si mgeni katika hadithi hii. Mwaka 1915, huko Shinkolobwe, Katanga, kulipatikana mawe yenye uraniamu na radiumu nyingi sana. Tangu 1922 kampuni ya Union Minière ilianza kutoa radiumu ya mawe hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Bei ya radiumu ilianguka, migodi ya Marekani ikashindwa, na kwa miaka mingi Ubelgiji ndiyo ilishika soko la dunia. Radiumu ile ilitumika kutibu kanseri Ulaya na Marekani. Waliochimba mawe hawakuona matibabu yale.

Kisha ikaja kobalti. Mwaka 1951, huko Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa na mashini ya kobalti 60. Kobalti inayochimbwa Kolwezi haina miale yenyewe. Inapaswa kuwekwa ndani ya rieakta ya nyuklia ndipo igeuke kobalti 60. Mashini hizo zilikuwa ngumu na rahisi kutunza, zikaenea ulimwenguni. Shida yake ni kwamba nguvu ya kobalti 60 inapungua kwa nusu kila miaka 5 na miezi 3 hivi, basi mgonjwa anakaa chini ya mashini muda mrefu zaidi mpaka chanzo kibadilishwe. Leo Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi yote duniani. Hata rieakta ya kwanza ya Afrika iliwekwa Kinshasa mwaka 1959. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa wa kanseri wa Shabunda ao Lubero alijua jambo moja: matibabu ya miale yako upande mwingine wa mpaka.

Wapi, na kwa nini ni mbali?

Kinshasa ni mbali, na kutoka mashariki ni kwa ndege. Kwa hiyo wengi wanaangalia nchi jirani. Rwanda ilianza radioterapi yake mwaka 2019, ku hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali, na mashini mbili za kisasa zinazotumia umeme. Uganda ina taasisi ya kanseri ya Mulago, Kampala. Tanzania ina Ocean Road, Dar es Salaam, na huko mgonjwa atasikia ugonjwa wake ukiitwa «saratani»: ni ile ile kanseri. Kenya pia ina mashini, Nairobi.

Kununua mashini ni mwanzo tu. Inahitaji chumba chenye kuta za beto nene sana, umeme usiokatika, maji ya kuipoza, munganga aliyesomea miale, mtu wa fizikia anayepima kiasi kila siku, na fundi wa kutengeneza. Yaliyotokea Kampala yanafundisha: mwezi wa 3 mwaka 2016, mashini moja tu ya kobalti ya Uganda, iliyofanya kazi tangu 1995, iliharibika kabisa. Ilipita zaidi ya mwaka moja na nusu mbele ya mashini mpya kuanza kazi. Nchi yenye mashini moja ni kama familia yenye ndoo moja: ikipasuka, wote wanalala na kiu.

Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Nyuklia, AIEA, lilianzisha mpango wa kusaidia nchi zisizo na radioterapi ya kutosha, na Kongo iliwekwa kati ya saba za kwanza. Wakati ule shirika hilo lilisema kwamba zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashini hata moja. Waganga nao wanahesabu kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kanseri wanahitaji miale wakati fulani wa matibabu yao.

Kinachowezekana hapa hapa

Mashini kubwa iko mbali, lakini kanseri ya mlango wa kizazi inaweza kukamatwa karibu, mbele haijawa kanseri. Muuguzi aliyefundishwa anapaka siki maalumu ku mlango wa kizazi, anangoja dakika moja. Sehemu iliyoanza kuharibika inakuwa nyeupe, na mara nyingi inaweza kutibiwa siku ile ile kwa baridi kali ao joto. Hakuna skaneri inayohitajika. Chanjo ya binti wa miaka 9 hadi 14 inazuia virusi vinavyoleta ugonjwa huo.

Kuna dalili ambazo hazipaswi kungojea mavuno ao feza ya shule: damu kisha kulala na bwana, damu kwa mama aliyekwisha kuacha kuona mwezi, uchafu wenye harufu mbaya usioisha, kivimbe ku titi hata kama hakiumi, kikohozi cha wiki mbili na zaidi.

Na mbele ya kulipa, mgonjwa ao mwenye kumsindikiza anaweza kuuliza bila kuona haya:

– Hii mashini inatafuta nini, na jibu lake litabadilisha dawa yangu namna gani?
– Je, ekografi ao radio haiwezi kutosha mbele ya skaneri?
– Nani atasoma picha, na nirudi siku gani kuonana na munganga?
– Kama ni radioterapi: ni mara ngapi, wiki ngapi, na ni kwa kupona ao kwa kupunguza maumivu?
– Feza yote ni ngapi, pamoja na kulala, kula na safari ya watu wawili mpaka siku ya mwisho?

Filme, CD, karatasi ya biopsi na za hospitali ni mali ya mgonjwa. Azitunze ndani ya plastiki, mahali pakavu, na akikimbia vita azibebe pamoja na karta ya uchaguzi. Wagonjwa wengi waliofika ku hospitali za nchi jirani bila karatasi walianza vipimo vyote upya, na ile feza ya kuanza upya ndiyo ingelipa wiki ya kwanza ya matibabu.